Flavia na wenzake: kombe la mshindi au malkia kweli?

Ukizitaja tu zile riwaya za kale za mapanga, farasi na mapenzi, za Waingereza wa mwisho wa karne ya 19, haichukui muda mtu atakwambia binti mfalme mle ndani hana kazi yoyote, yupo kama kombe la ligi, wanaume wanapigana weee mwisho mmoja analibeba. Mi naona hoja hiyo ina ukweli mwingi kuliko sisi mashabiki tunavyopenda kukubali, ila kuna sehemu inakosea vibaya, na sehemu hiyo ndo inafanya nizitetee mpaka leo.

Mchukue Flavia wa The Prisoner of Zenda, ya Anthony Hope, 1894. Nchi ni ya kubuni, Ruritania. Mfalme mpya, Rudolf, anawekewa dawa kwenye mvinyo na ndugu yake wa baba mmoja, Duke Michael, usiku wa kuamkia kutawazwa, basi watu wake wawili, mzee Sapt na kijana Fritz, wanamchukua Mwingereza mmoja anaitwa Rassendyll aliyefanana naye kama pacha na wanamvisha taji yeye. Flavia ni binamu wa mfalme, nchi nzima inasubiri aolewe naye, na anaishia kumpenda huyu wa bandia, kwa dhati kabisa, maana yule wa kweli hakuwahi kumgusa moyo.

Sasa wanaolalamika wana ushahidi. Flavia hajaambiwa. Sapt anajua, Fritz anajua, Rassendyll mwenyewe anajua, maadui nao wanajua, yeye peke yake ndo anaachwa ampende mtu ambaye hata jina lake halisi halijui, tena Sapt anamsukuma Rassendyll aharakishe uchumba ili wananchi waridhike na siri isivuje. Hapo sina utetezi. Angekuwa mwanaume wa cheo kama chake wangemwita wakae naye wapange, lakini kwa kuwa ni mwanamke mapenzi yake yanatumika kama sehemu ya mpango, basi.

H. Rider Haggard ndo kabisa. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, lakini kwenye Allan Quatermain ya 1887 safari inaanzia Lamu, inapanda na mto Tana, inaishia nchi ya kubuni ya Zu-Vendis inayotawaliwa na dada wawili, Nyleptha na Sorais. Malkia wawili kwenye kiti kimoja! Hiyo peke yake ingetosha riwaya nzima, wanagawanaje madaraka, nani anasikilizwa na jeshi, makuhani wako upande gani. Lakini anaingia msafiri Mwingereza, Sir Henry Curtis, wote wawili wanampenda, na nchi inaingia vitani kwa ajili ya mgeni aliyefika juzi tu, Nyleptha anaolewa na Curtis, Sorais anashindwa anajiua, na Curtis anakuwa mfalme. Halafu kuna suala la rangi, malkia hao ni weupe katikati ya Afrika, wakati Foulata, yule binti mweusi wa kwenye Mashimo aliyempenda Mzungu, mwandishi anamuua na kumtilia mdomoni maneno kwamba jua haliwezi kuoana na giza. Watu husema enzi zile ndo walivyokuwa wanafikiri. Sawa, lakini kujua alichofikiri hakunilazimishi nikimeze.

Turudi kwa Flavia, maana upande wa pili wa hoja uko kwake. Mfalme wa kweli ameshaokolewa, Flavia ameshaujua ukweli, na Rassendyll yuko tayari kabisa kuondoka naye, anamwomba waende. Hakuna anayemzuia. Anakataa yeye mwenyewe, anamwambia heshima inamfunga mwanamke pia, na heshima yake ni kuwa mwaminifu kwa nchi yake na ukoo wake. Kitabu kizima wanaume ndo wamekuwa wakiapa kwa heshima, yeye anaichukua heshima ileile na kusema na mimi ninayo. Kombe haliongei hivyo jamani. Na Dejah Thoris, binti mfalme wa mji wa Helium kwenye hadithi za sayari ya Mars za Edgar Rice Burroughs zilizoanza 1912, anafanya jambo linalokaribiana, anakubali kuolewa na mwana wa mfalme adui ili kuokoa mji wake, ingawa yeye anaokolewa kwa upanga kabla ya kulipa gharama, kwa hiyo uzito si uleule.

Kuna watakaosema uamuzi wa Flavia ndo uleule ambao jamii ya Hope ilitaka mwanamke auchague, ajinyime, anyamaze, aolewe anapotakiwa. Ni kweli. Ila ukitaka kuona upande mwingine wa shilingi yupo binti mfalme wa kweli, Sayyida Salme wa Zanzibar, aliyechagua kinyume. Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa, akaolewa, 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu huko Hamburg, na miaka iliyofuata ikawa ya kudai urithi wake. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin 1886, Flavia hajazaliwa bado kitabuni. Na humo mapenzi yana nafasi ndogo sana! Utakuta njama ya 1859 ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao Majid aliyekuwa sultani, ambapo Salme akiwa binti wa miaka kumi na kitu alikuwa anaandika barua za waasi kwa sababu alijifunza kuandika kwa siri. Yaani siasa, kalamu, mali, ugomvi wa ndugu, mambo ambayo maisha ya jumba la kifalme yamejaa, na ndo hayohayo waandishi wa kiume walimnyima binti mfalme wao.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, uamuzi walimpa, tena uamuzi mzito, kazi ndo hawakumpa. Mwendelezo wa Zenda, Rupert of Hentzau wa 1898, unaonesha wazi. Mfalme anauawa, Rassendyll anaweza sasa kukaa kwenye kiti na kumuoa Flavia, na kabla hajatamka ameamua nini naye anapigwa risasi. Flavia anabaki kutawala peke yake. Hapo nilitegemea stori ianze, mwanamke mwenye taji lake, bila mume, na siri inayoweza kuangusha ufalme mzima, na mpinzani hata mmoja hajamkabili bado. Hope anatupa kaburi la Rassendyll na maandishi ya mapenzi juu yake, kisha anafunga kitabu.