Nimemkimbia Bi Mkubwa, na Linki Ninayo Mkononi

Klipu ya mimi nikiikimbia roboti yangu mwenyewe mmeshaiona. Tangu jana jioni kila anayenipigia simu anacheka kwanza, salamu baadaye. Aliyeisambaza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu anayekula pilau kwangu kila Jumapili. Kaikata sekunde 19, juu yake kaandika: "Kamuunda mwenyewe, kamkimbia mwenyewe." Basi leo nasimulia mimi, pamoja na kile ambacho kamera haikukinasa vizuri, maana ndicho kibaya zaidi.

Kwa wageni wa ukurasa huu: naishi Leicester, na wikiendi nacheza roboti za kupigana. Yangu ni ya daraja la kilo 1.5, wenyewe wanaliita beetleweight. Inaitwa Bi Mkubwa, kwa heshima ya mama yangu aliyeko Tanga. Mbele ina taa moja nyekundu, na taa hiyo ikikutazama unajihisi kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

Taa si urembo. Kanuni zinataka kila roboti iwe na taa inayoonekana kwa nje, iwake muda wote umeme wa betri ukiwa umeingia, ili anayeisogelea ajue kama iko hai. Umeme wenyewe unaingia kupitia linki, yaani plagi ndogo ya njano ya XT30 iliyofungwa waya mfupi nyuma. Ukiichomeka, njia ya betri imekamilika. Ukiichomoa, imekatika. Shikeni hapo kwenye kuchomoa.

Ijumaa usiku taa ilinisumbua. Inawaka, nikigonga bodi inazima, nikigonga tena inawaka. Nikachukua mita ya kupimia umeme. Kwenye betri, volti 16.6, sawa kwa betri ya seli nne. Baada ya linki, 16.6. Kwenye ncha za taa, hakuna kitu. Hapo mtu mwenye akili angefuata waya mmoja mmoja hadi aone umeme unapotelea. Mimi nikaamua LED, yaani kile kitaa chenyewe, imegeuzwa, nikaing'oa nikaifunga kinyume. LED za kawaida zinavumilia kama volti 5 tu zikifungwa kinyume, na mimi nimeipa zaidi ya 16. Niliporudisha ilivyokuwa, ikawa marehemu.

Tatizo lilikuwa risasi baridi, ile risasi ya kuchomelea nyaya, si ya bunduki. Waya hasi niliuchomelea haraka, na risasi ikaganda juu ya pedi, kile kidoa cha shaba kwenye bodi, bila kushikana nayo. Iliyoshika vizuri inang'aa na inatambaa pembeni kama mafuta kwenye kikaango. Yangu ilikuwa imefubaa, imekaa kidonge kama ugali uliolala. Nikapasha pedi kwanza ndipo nikatia risasi, nikaacha waya ulegee kidogo usivutwe roboti ikipigwa, nikaweka LED mpya na rezista ya ohm 2,200 ya kupunguza mkondo unaofika kwenye taa.

Nikamwita shemeji aje aone. Nikatikisa, nikagonga kwa mpini wa bisibisi, taa imetulia. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Nilisema, na yeye anakumbuka neno kwa neno: "Shem, kuanzia leo hii taa haidanganyi. Ikiwaka, kuna umeme. Ikizima, hakuna."

Jumamosi. Ukaguzi tukapita: taa inawaka, nikizima rimoti magurudumu na silaha vinasimama. Pambano lenyewe tulishindwa, sitaki maswali. Kengele ikalia, nikaingia ulingoni kumtoa mgonjwa.

Sasa twende polepole, maana hata shemeji anaicheza polepole.

Kwanza nikatia pini ya kufungia silaha. Bapa la chuma likakamatwa, haliwezi kuzunguka hata kidogo. Pili nikachomoa linki. Taa haikuzima palepale, ilififia taratibu kama sigara inayoisha. Hiyo ni kawaida, kapasita za vidhibiti vya mota, vile vihifadhi umeme vidogo, zinabaki na umeme kidogo na unakwisha wenyewe. Taa ikafa. Nikasimama, nimevaa sura ya fundi mkuu, linki nimeifumbata kwenye ngumi ya kulia. Rimoti nimeiacha nje mezani.

Msimamizi wa ulingo, mama mmoja wa makamo mwenye kizibao cha njano, akaniambia nifanye haraka, wengine wanasubiri. Mtu mzima angeinama akaibeba roboti. Mimi nikaisukuma kwa mguu ielekee mlangoni.

Magurudumu yakazunguka.

Jicho likafunguka. Jekundu. Likanitazama.

Ndugu zangu, roho iliniruka. Kichwani likabaki neno moja tu: taa haidanganyi. Ikiwaka, kuna umeme. Nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Imewaka! Imewaka!", katika ukumbi ambao wanaojua Kiswahili ni wawili, na mmoja wao anarekodi. Halafu, kwa sababu ambazo hata mke wangu nimeshindwa kumweleza, nikaipiga teke iende mbali nami. Ikaenda. Na kadiri ilivyokwenda kasi ndivyo jicho lilivyozidi kung'aa. Ikagonga ukuta, ikarudi nyuma kunifuata, bado inawaka.

Nikatoka nduki. Mlango wa ulingo unafunguka kwa ndani, nami nikausukuma nje kwa bega. Haukwenda. Nikausukuma tena. Hapo kwenye klipu mnasikia sauti ya "puu", wengi mkadhani ni roboti. Ni mimi. Nilipogeuka nikaona nimekwama, nikapanda kwenye kizingiti cha ukuta, magoti yamefika kifuani, mikono yote miwili imeng'ang'ania fremu. Mkono wa kushoto umeshika vizuri. Wa kulia umeshindwa, kwa sababu una kitu ndani.

Bi Mkubwa akasimama kama nusu mita kutoka nilipo. Taa ikafifia. Ikazima. Ukumbi mzima kimya.

Yule mama akausukuma mlango kutoka nje, ukafunguka bila shida yoyote, akaingia anatembea kama anakwenda dukani. Akaiinua roboti kwa mkono mmoja. Akasugua gurudumu kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu: taa ikawaka. Akaacha: ikafifia. Akasugua kinyumenyume: ikawaka vilevile. Kisha akanitazama pale juu, akauliza kwa upole kabisa, "Mkononi umeshika nini?"

Nikafungua ngumi. Plagi ya njano. Imenichora alama kwenye kiganja.

Silaha imefungwa pini. Rimoti iko nje. Njia ya betri ninayo mkononi. Na mimi niko juu ya ukuta, namkimbia kobe wa kilo moja na nusu.

Sayansi yake naijua, na hilo ndilo linaloniuma. Mota za magurudumu yangu ni za brashi zenye sumaku ya kudumu. Ukiizungusha mota kama hiyo kwa nguvu, yenyewe inazalisha umeme. Umeme huo unapita kinyume kwenye kidhibiti, kupitia diodi (vipitisha umeme vya upande mmoja tu) zilizomo ndani ya transista zake, yaani swichi zake, na diodi hizo zinaunyoosha: gurudumu liende mbele au nyuma, upande wa chanya unabaki chanya. Unafika kwenye waya mkuu ambako nimefunga taa. LED nyekundu inahitaji volti 2 tu na mkondo kidogo sana, kwa hiyo msukumo wa mguu unatosha. Silaha ya mota isiyo na brashi nayo inaweza kufanya hivyo ukiizungusha kasi kwa mkono. Kwa hiyo ukishachomoa linki, inua magurudumu yasiguse sakafu, subiri taa ife, ndipo uihukumu. Ikiwaka imetulia hewani, linki ikiwa nje, hapo sasa una sababu ya kukimbia.

Yaliyofuata ni mafupi. Walipiga makofi. Nilishuka. Mtoto wa kama miaka minane alikuja kuniomba nisugue gurudumu aone, nikamsugulia mara sita. Njiani kurudi nyumbani shemeji aliendesha gari huku machozi yanamtoka, na kabla hatujafika klipu ilikuwa kwenye grupu la familia, huko Tanga na Muscat wameshaiona.

Asubuhi hii ikaingia sauti ya mama, dakika nzima. Sekunde 20 za mwanzo ni kicheko. Kisha: "Mwanangu, hiyo taa inayowaka kigari kikisukumwa, si ndiyo dainamo ya baiskeli ya marehemu baba yako? Mbona ile ulikuwa unaipanda?"