Chenga ya mpira wa polepole: mrushaji mdogo aanze lini?

Ukisimama nyuma ya wavu mahali wasichana wa miaka tisa au kumi wanarusha softiboli (mchezo unaofanana na besiboli, ambapo mpira hurushwa kwa mkono unaopita chini), mpira wa polepole unautambua kabla haujatoka mkononi. Mkono uliokuja unazunguka kwa nguvu unalegea ghafla ukifika nyongani, hatua ya mbele inakuwa fupi, na uso unajikunja kama wa mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Mpira unapaa, unaelea, na mpigaji anaungoja kwa raha zake.

Mpira huo makocha wanauita chenjapu, na kazi yake ni moja tu: kumpiga chenga mpigaji. Aone mkono wa mpira wa kasi, azungushe gongo, apige hewa kwa sababu mpira bado uko njiani. Kwa wakubwa hakuna ubishi juu ya umuhimu wake. Ubishi uko kwa watoto. Wapo makocha wanaotaka ufundishwe mapema, uwe wa pili baada ya mpira wa kasi, na wapo wanaosema mtoto aachwe kwanza arushe kwa nguvu zake zote mpaka mwili uzoee.

Hawa wa pili wana hoja nzito kuliko wanavyosikilizwa. Kasi ni tabia ya mwili. Mtoto anayeambiwa leo "rusha kwa nguvu" na kesho "rusha taratibu" anaweza kubaki na mkono usiojua unatakiwa kufanya nini, na straiki (mipira inayopita pale mpigaji anapoweza kuipiga) zinapotea kwenye mipira yote miwili. Tena mikono ni midogo. Mpira wa wenye miaka kumi au chini una mzingo wa sentimita 28 hivi, wa wakubwa 30 na kidogo, na kuusukumiza ndani kabisa ya kiganja kidogo, kama mishiko mingine ya chenjapu inavyotaka, ni shughuli. Wakitafuta mfano wanamtaja Monica Abbott wa Marekani, ambaye mwaka 2012 mpira wake ulipimwa kilomita 124 kwa saa. Wanachosahau kusema ni kwamba hata kwa kasi hiyo, Abbott hakutegemea mpira mmoja.

Wanaotaka mapema humtaja Cat Osterman, bingwa wa Olimpiki ya Athens 2004, aliyewaangusha wapigaji kwa mpira wa kuzama na chenjapu zaidi ya kwa kasi. Hoja yao kubwa ni kwamba kasi ina mwisho. Msichana anayetamba leo kwa kuwa ana nguvu kuliko wenzake, miaka mitatu baadaye atakutana na wapigaji waliozoea kasi ileile, na hapo ndipo atataka kujifunza silaha ya pili huku anapigwa kila mechi. Zaidi ya hayo, chenjapu haidai kuusokota mkono kama mpira wa kupinda.

Mimi niko upande wa mapema, lakini nadhani pande zote mbili zinazungumzia kitu ambacho mara nyingi hakifundishwi sawasawa. Mtoto haambiwi arushe chenjapu. Anaambiwa "punguza kasi". Naye kwa utiifu anapunguza kila kitu: mkono, hatua, hata pumzi. Chenjapu ya kweli inakuja na mkono wa kasi uleule. Kinachoondolewa ni msukumo wa mwisho wa vidole na kifundo cha mkono. Ndiyo maana kuna mishiko mingi: wengine wanakunja vidole na kuukandamiza mpira kwa vifundo, wengine wanatengeneza duara kwa kidole gumba na cha shahada, wengine wanageuza mkono ili mgongo wa kiganja ndio umtazame mdakaji mpira unapotoka. Huu wa kugeuza ndio rahisi zaidi kwa mikono midogo, kwa sababu hauhitaji vidole virefu. Ubaya wake, ukichelewa kuuachia tu, mpira unakwenda kumtafuta mwamuzi kichwani.

Sasa hesabu kidogo, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mipira ya watoto inapaa. Marekani, wenye miaka kumi au chini wanarusha kutoka mita 10.67. Toa hatua ya mrushaji, mpira unasafiri kama mita tisa na nusu. Kwa kilomita 65 kwa saa unafika baada ya nusu sekunde na ushei. Kwa kilomita 50 unachukua karibu sekunde 0.7, na katika muda huo wa ziada mvutano wa dunia unaushusha karibu mita nzima zaidi. Mtoto akirusha kwa pembe ileile, mpira unagonga ardhi mbele ya bamba, kile kibao cha chini anaposimama mpigaji. Mara mbili tatu zikimtokea hizo, anaanza kuutupa juu, na siri inafichuka.

Kwa hiyo kanuni ya wakubwa ya tofauti ya kilomita 16 hadi 24 kwa saa haifai kunakiliwa kwa mtoto. Kwa anayerusha 65, kupunguza 24 ni zaidi ya theluthi ya kasi yake. Huo si mtego tena, ni zawadi. Tofauti ya kilomita kumi na kitu inamtosha, mradi mkono usifichue siri. Na bora mpira udunde mbele ya bamba kuliko uelee katikati.

Kipimo changu cha utayari hakihitaji rada ya kupima kasi. Mweke mwenzake mahali pa mpigaji, bila gongo, apige kelele "kasi!" au "pole!" mara tu anapoujua mpira. Akipatia kila mara kabla mpira haujafika nusu ya njia, chenjapu hiyo irudi mazoezini. Akianza kukosea, mrushaji yuko tayari, hata kama ana miaka tisa.

Kuna jambo moja ambalo wanaosubiri wako sahihi kabisa, nami nimewahi kulilipia. Katika timu za watoto kuna mpigaji wa mwisho kwenye orodha, yule ambaye gongo lake linafika mpira wa kasi ukiwa umeshadakwa. Kocha anayeita mipira kutoka pembeni, yaani anayemwambia mrushaji arushe upi, akifurahia silaha mpya ya msichana wake, anaita chenjapu. Mpira unapunguza mwendo, gongo lililochelewa linakutana nao katikati, na mtoto ambaye hajagusa mpira mashindano yote anakimbia hadi kituo cha pili akicheka. Mrushaji ananitazama mimi.