Mgonjwa namba 3

Wakuu, naona stori yangu ya kikao cha harusi imeshafika mpaka Dar, na kila mkono inaopita unaongeza chumvi yake. Kuna mtu kanipigia kuuliza nimefungwa gereza gani. Sijafungwa. Huku Edmonton, Canada, kila nyumba inaruhusiwa miche minne ya bangi tangu Oktoba 2018, na mimi ninayo mitatu tu, chumba cha chini, chini ya taa. Aliyeeneza namjua. Alikaa viti viwili kutoka kwangu na alicheka mpaka akamwaga chai.

Ilikuwa hivi. Mche wa tatu ulianza kugeuka manjano majani ya chini. Nikajipa udaktari. Nikasema hii njaa ya naitrojeni, maana mmea ukiikosa huinyang'anya majani ya zamani ukayapa machanga ya juu. Nikazidisha mbolea. Ncha za majani zikababuka kama zimepitishwa kwenye mshumaa. Nikasema basi ni kiu, nikamwagilia kutwa mara mbili. Ukanywea kabisa. (Msicheke, nyie hata ua la sebuleni mmeliua.) Jumamosi nikachuma jani moja, nikalitia kwenye bahasha ya kaki nikamwonyeshe muuza mbolea, na juu yake nikaandika kama mtu wa maabara.

Njiani nilipaswa kupitia kikao cha harusi. Mnavijua vikao vyetu. Ahadi yangu ya dola 200 ilikuwa imesomwa hadharani vikao viwili mfululizo, kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Siku hiyo nilikuwa nayo, taslimu, kwenye bahasha ya kaki, mfuko uleule wa koti. Eeh. Mmeshaelewa.

Ningeitoa kimyakimya yangeisha. Lakini nikasimama. Nikakohoa. Nikasema, "Mama mweka hazina, naomba hii ifunguliwe mbele ya wajumbe wote, maana kuna watu walianza kunisema." Makofi!

Mweka hazina wetu ni mama asiye na haraka. Akatafuta miwani. Akaivaa. Akaigeuza bahasha, akaisoma kwa sauti ileile ya kusomea michango: "Mgonjwa... namba 3."

Makofi yakakatika.

"Nani anaumwa?" mtu akauliza.

"Jani la chini," akaendelea. "Kaanza Jumatatu."

Shemeji mmoja akaanza kunipa pole. Mkono wangu ulikuwa umeshazama mfukoni, vidole vimeigusa bahasha nyingine, ile nene, na jasho likanitiririka mgongoni wakati nje ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Nilitaka kusema "samahani" ila ulimi ulikuwa mbao. Mama akachana ukingo, taratibu. Akaingiza vidole viwili. Likatoka jani lenye vidole saba, manjano katikati, mishipa kijani, ncha zimeungua. Akalinyanyua kwenye taa ili na wa nyuma waone.

Nilisikia friji ya ukumbi inavyonguruma.

"Kisamvu!" akasema mama wa bibi harusi. "Baba, unalima muhogo kwenye barafu hii?"

Wakuu, Mungu yupo. Nikasema ndiyo, mama. Dakika moja baadaye nilikuwa nimeshapokea oda tatu za kisamvu, moja ikitaka cha nazi.

Jani likapelekwa kwa mzee mmoja, bwana shamba mstaafu kutoka Mtwara. Akaliweka kiganjani, akalikunja, akalinusa. Akanitazama. Akalinusa tena.

"Si batobato, ule ugonjwa wa mihogo," akasema. "Batobato hukunja jani na kulitia mabaka. Hili mishipa imebaki kijani, na ni la chini. Ni njaa ya magnesiamu. Lakini ncha zimeungua, maana yake chakula kipo tele, ila mmea umevimbiwa. Mbolea imechachua udongo. Acha kulisha, usuuze kwa maji matupu, halafu uuache ukauke."

Nikawa naandika nyuma ya ajenda, aibu nimeisahau kabisa, ndipo mtoto wa mweka hazina, miaka 12, akainua macho kwenye simu yake.

"Anko, huo si muhogo. Shuleni walituonyesha picha."

Chai ya jamaa ilimwagika hapo.

Mengine mafupi. Nilitoa bahasha halali, nikaongeza 50 bila kuombwa, nimeondolewa kamati ya vinywaji, na mama wa bibi harusi hapokei simu zangu. Nilipopima udongo ulisoma pH 5.1, yaani umechachuka, wakati unatakiwa uwe kati ya 6 na 7. Nimeusuuza. Mche bado umenuna.

Usiku uleule mzee akanipigia. Tukasalimiana, akaulizia kazi, akaulizia baridi, akaulizia nyumbani. Kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, ile mihogo yako. Umeshajua ipi jike, ipi dume?"