Usiku Wenye Jua, na Mtu wa Kanzu

Mimi sikatai ujirani. Nilizaliwa Majengo, Mombasa, katika nyumba ambayo ukuta wake ulikuwa pia ukuta wa jirani, hivi kwamba baba akikohoa upande huu, pole ilitoka upande wa pili kabla mama hajaamka kutafuta tangawizi. Ninachokataa ni kualikwa usiku, nikajitayarisha kwa usiku, kisha nikafika na kukuta jua linawaka.

Hapa Brooklyn Park, katika jimbo la Minnesota, kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Agosti majirani hutoka nje kwa shughuli iitwayo National Night Out, yaani usiku wa taifa zima kukaa nje ili watu wajuane na wahalifu wakose pa kujificha. Hiyo Night wanayoitaja huanza watu wakiwa bado wamevaa miwani ya jua. Kwetu pwani jua hutua mnamo saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi, bila ubishi na bila kuhitaji mtu kuchungulia dirishani. Hapa mwanzoni mwa Agosti saa mbili na nusu za usiku hupita jua likiwa bado lipo, nami nipo kwenye kiti cha kukunja, nimeziba jicho moja kwa kiganja, na jicho la pili nalitumia kumtazama jirani anayeniambia kwamba usiku huu ni mzuri sana.

Jirani huyo ni mstaafu wa nyumba ya upande wetu wa kulia, na kila mwaka hunisimulia historia ya shughuli hii kana kwamba nimeshuka kwenye ndege jana. Najua, mzee wangu, najua. Ilianza mwaka 1984, mwanzilishi akiwa Matt Peskin, mtu wa viunga vya Philadelphia, na mwaka huo wa kwanza walishiriki watu milioni 2.5 katika miji na vitongoji 400 vya majimbo 23. Kazi yao ilikuwa kuwasha taa ya mlangoni na kukaa mbele ya nyumba. Nilipoyasikia hayo mara ya kwanza nilimkumbuka marehemu babu yangu, ambaye alikaa barazani kila jioni kwa miaka arobaini, akitafuna tambuu na kuuliza kila mpita njia anakwenda wapi na ametumwa na nani, wala hakujua hata siku moja kwamba anapambana na uhalifu. Jirani huongeza pia kwamba Texas, kwa sababu ya joto, miji mingi huifanya shughuli hii Jumanne ya kwanza ya Oktoba. Hao ndio watu wenye akili. Oktoba angalau usiku hufika kwa wakati wake.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi, kwa maana watu hawa nawaelewa. Kuanzia Novemba hadi Aprili simuoni jirani. Naliona koleo lake la theluji, nalo huliona langu, tukawa tumesalimiana. Joto likifika wanatoka kama kumbikumbi baada ya mvua, na kila mmoja anataka kufidia miezi sita ya ukimya katika wiki kumi. Ndiyo maana sherehe za hapa hazina nafasi ya kupumua. Mwezi wa Juni huwa na Tater Daze, sherehe ya kuenzi viazi, kwa sababu ardhi hii tunayokata nyasi zake kila Jumamosi ilikuwa zamani mashamba ya viazi. Nilikwenda kwa matumaini makubwa. Mtu wa Mombasa ukimwambia sherehe ya viazi, moyo wake unakwenda moja kwa moja kwenye viazi karai, ukwaju na pilipili. Nikapewa chipsi na chumvi. Nilikula, nikashukuru, nikarudi nyumbani nikiwa na huzuni ya kitaifa.

Kisha Julai nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Hapa ndipo ninaposhindwa kabisa kuelewa neno usalama lina maana gani. Sheria ya Minnesota inakataza raia wa kawaida kuchezea fataki zinazoruka angani au kulipuka. Zinazoruhusiwa, tangu mwaka 2002, ni zile za kutoa cheche chini chini, zisizomtisha hata paka. Basi majirani zangu, watu waungwana wanaofunga milango ya gari mara mbili na kurudi kuhakikisha mara ya tatu, huvuka mpaka kwenda Wisconsin na kurudi na buti ya gari iliyojaa makombora, kisha wanayarusha juu ya paa langu hadi saa sita za usiku. Asubuhi niliokota vijiti saba kwenye nyanya zangu. Mchana wa siku hiyohiyo, katika kundi la ujumbe la mtaa wetu, mmoja wa warushaji aliuliza kwa wasiwasi mkubwa kama kuna aliyeona gari geni limeegeshwa karibu na bustani.

Kundi hilo la ujumbe ndilo lenye mkosi wote huu. Karibu kila nyumba ya mtaa wetu ina kengele yenye kamera mlangoni, na kila kamera ikiona kitu humwamsha mwenyewe, na mwenyewe akiamka hutuamsha sisi. Tumewahi kutumiwa picha za sungura, za tawi la mti, na za mume wa mtu akitoa taka. Babu yangu barazani naye alikuwa anaona kila kitu, ila kwanza alikuwa akisalimia. Kamera haina salamu. Haikuulizi wajina hujambo, wala mama anaendeleaje. Inakupiga picha tu na kukupeleka kwa watu wasiokujua.

Sasa niyaeleze ya mwaka jana.

Barabara yetu ilifungwa kwa vizuizi vya rangi ya machungwa, meza zikapangwa katikati ya lami, na kila nyumba ikaleta sahani. Mke wangu alipika sambusa themanini, zikamalizika kabla sijakaa. Badala yake nilipewa chakula ambacho watu wa Minnesota hukiita hotdish: nyama ya kusaga iliyochanganywa na supu ya uyoga ya kopo, ikafunikwa juu kwa vijidonge vya viazi, ikaokwa. Niliuliza kwa adabu ni nyama ya nini, nikaambiwa ng'ombe, nikapakua. Hakina bizari, hakina kitunguu saumu, hakina hata ndimu ya kukiombea, lakini kilipikwa na bibi wa nyumba ya pembeni, mjane mwenye mbwa mdogo kama kikombe, na bibi huyo alisimama mbele yangu akinitazama nimeze.

Gari la zimamoto lilifika, watoto wakapanda na kushuka. Polisi wawili wakaja kwa miguu wakigawa vibandiko vyenye umbo la nyota. Mimi nikapewa kimoja, sijui kwa nini, nikakibandika kifuani. Mbu nao walihudhuria kwa wingi. Mkoa huu wa mji una mamlaka maalumu ya kupambana na mbu tangu mwaka 1958, yenye hata helikopta za kunyunyiza dawa kwenye vinamasi, na bado mbu wa hapa wana nguvu ya kubeba mtoto. Nimeugua malaria mara nyingi nikiwa kijana, kwa hiyo nawaheshimu mbu; hawa hawana malaria, wana dharau tu.

Tulipokuwa katikati ya chakula, jirani mstaafu aligonga glasi kwa kijiko na kutangaza kwamba lipo jambo zito la usalama. Alitoa simu. Kwa muda wa wiki sita, alisema, kamera tatu za mtaa zimemnasa mtu yuleyule, kati ya saa kumi na saa kumi na nusu za alfajiri, akipita bila kutoa sauti, amevaa vazi refu jeupe hadi miguuni, mkononi amebeba kifurushi. Bibi wa hotdish alisema hajalala vizuri tangu mwezi wa Juni. Mwingine alikumbusha kwamba mwezi huohuo alipotelewa na sanduku aliloletewa mlangoni. Simu ikazungushwa mkono kwa mkono, kila mmoja akiguna, hadi ikanifikia mimi.

Ndugu zangu, kamera za usiku hazimpendezeshi mtu. Uso ulikuwa wa kijivu, macho yaking'aa kama ya paka, vazi linaelea, na mimi mwenyewe kabla ya akili kunirudia nilianza kusoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, nikidhani ni jini. Ndipo nilipoitambua ile kofia. Kofia niliishonesha Lamu.

Mambo yenyewe ni mepesi kabisa. Wakati wa kiangazi alfajiri ya hapa hufika mapema mno, na mwenzangu mmoja anayeendesha teksi hunichukua kwa ajili ya sala. Kwa kuwa gari lake lina ngurumo ya meli inayotia nanga, nilimwomba asifike mlangoni kwangu, anisubiri kwenye kona ya bustani, ili tusiwaamshe majirani. Kwa hisani hiyohiyo nilinunua ndara za mpira zisizo na kishindo. Kifurushi ni mahamri, ambayo mke wangu huwapelekea wazee wa msikitini. Kwa hiyo kila nilichofanya ili watu hawa walale ndicho kilichowanyima usingizi. Laiti ningetembea nikiimba na kupiga milango kwa fimbo, wangeniona mtu wa kawaida.

Niliamua kusema ukweli palepale. Tatizo lilikuwa hotdish. Kinywa kilijaa, na mimi nimefundishwa kutosema na chakula mdomoni, basi nikainua mkono ili nipewe nafasi nikishameza. Sikujua kwamba kabla tu ya kuinua mkono huo mstaafu alikuwa ameuliza ni nani atakayejitolea kuwa nahodha wa mtaa na kuongoza ulinzi dhidi ya mtu wa kanzu, maana nahodha wa zamani alikuwa amehamia Arizona. Watu wakapiga makofi. Polisi mmoja akanipa mkono. Bibi wa hotdish alinikumbatia, akasema leo atalala. Nami nilipomaliza kumeza, ukweli ulikuwa umeshateremka pamoja na viazi.

Nilikabidhiwa tochi, daftari, na kizibao cha rangi ya manjano chenye mistari inayong'aa. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini jikoni, kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, kama nikijikamata nitajipeleka kwa gari letu au la polisi. Nilimwambia kwetu Kenya tangu mwaka 2013 tuna Nyumba Kumi, na Watanzania walikuwa na mabalozi wa nyumba kumi miaka mingi kabla yetu, na sijasikia hata mmoja kati yao aliyeteuliwa kujilinda dhidi yake mwenyewe. Akasema, kila kitu kina wa kwanza.

Kesho yake, saa saba mchana, ving'ora vikalia mji mzima. Niliruka kitandani, maana nilikuwa nimejipumzisha, nikajua wamekuja. Kumbe ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo Minnesota hujaribu ving'ora vyake vya tufani. Miaka kumi na moja nimeishi hapa, na bado kila mwezi mara moja najiona mkosaji.

Kazi ya unahodha niliifanya kwa uaminifu kadiri ilivyowezekana. Kwenye daftari niliandika: "Jumatatu, saa kumi na robo alfajiri, nimezunguka mtaa mzima, sikumwona mtu mwingine yeyote." Hakuna neno hata moja la uongo hapo. Nilijaribu kubadilisha njia, nikapita nyuma ya bustani, kamera ya nne ikanipata, na hofu ikaongezeka, kwa kuwa sasa mtu wa kanzu alionekana amejua kwamba anatafutwa. Nilijaribu suruali na shati. Mke wangu akasema sitamwendea Mola wangu kwa kuiogopa kengele ya mlango. Yeye ndiye aliyechukua kile kizibao cha manjano kutoka kwenye msumari na kunivalisha juu ya kanzu. Marehemu babu naye hakutoka bila kizibao, alinikumbusha, tofauti ni kwamba chake hakikuwaka.

Nikatoka hivyo alfajiri ya kwanza, nikiwa nang'aa kama meli ya mizigo, tochi mkono mmoja na mahamri mkono wa pili. Alfajiri ya pili, ya tatu, wiki nzima. Jumamosi ujumbe ukaingia katika kundi, kutoka kwa jirani mstaafu, na picha yangu ikiwa chini yake. Aliandika kwamba, shukrani kwa nahodha wetu mpya, mtu wa kanzu haonekani tena, na kwamba kamera sasa zinaonyesha fundi wa umeme, mwenye koti jeupe refu la kazi, anayeanza kazi saa kumi za alfajiri wakati sisi wengine tumelala, jambo ambalo linastahili pongezi. Bibi wa hotdish akajibu kwamba yeye pia amemwona, na kwamba kesho atamwachia sahani mlangoni. Tena akaomba, kama kuna anayemfahamu fundi huyo, amwambie taa ya mbele ya nyumba yake imeungua tangu majira ya baridi.

Nimeshanunua balbu. Ngazi nitaazima kwa mstaafu.