Begi Lililojibu Getini

Ndege ya pangaboi ya viti 76 ina tabia moja ambayo abiria aliyeshuka kutoka Dubai hataki kuisikia: makabati yake ya juu ni mafupi. Hayajaharibika wala hayajajaa, ni mafupi tu. Begi la kuburuza lililolala raha mustarehe usiku kucha kwenye ndege kubwa, likifika hapa Dar na kupanda ya Mwanza linagonga mdomo wa kabati na kurudi. Ulitangulize kichwa, ubavu au magurudumu, mlango wa kabati hautafunga. Na mlango wa kabati usipofunga, ndege haitoki.

Hayo ndiyo niliyokuwa najiandaa kumweleza yule mama alfajiri ile. Viti vyote 76 vilikuwa vimeuzwa, foleni imepinda hadi kwenye mashine ya soda, na yeye amesimama katikati na begi jekundu lililovimba kama limekunywa maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiniambie habari ya begi."

"Sijasema kitu, mama."

"Macho yako yamesema."

Nikamwonyesha fremu ya kupimia. Hiki ni kile kikasha cha chuma kilichowekwa pembeni ya geti, ambacho abiria wengi hudhani ni stendi ya kukaushia miavuli. Mashirika mengi ya kimataifa huzungukia sentimita 56 kwa 45 kwa 25, na wenye ndege ndogo hupunguza zaidi. Kipimo hicho huhesabu magurudumu, mpini, na ule mfuko wa mbele uliojaa. Ukinunua begi, usipime kitambaa tu. Lisimamishe sakafuni, upime kuanzia pale gurudumu linapogusa chini. Halafu iogope ile zipu ya kupanuka inayolizunguka begi lote. Ukiifungua, begi linanenepa sentimita tano hivi, na kipimo chote cha dukani kimekwisha kazi.

Ya mama ilikuwa imefunguliwa yote.

"Si hilo, limeingia!" akasema.

"Limeingia nusu, mama."

"Nusu nyingine itaingia ndani ya ndege."

Tukahamia kwenye mzani. Ruhusa ya mkononi kwenye safari ile ilikuwa kilo 7. Begi likasoma 11.2. Mama hakubishana. Alifungua zipu, akatoa dera, akalivaa juu ya baibui. Akatoa la pili, akalivaa juu ya la kwanza. La tatu lilikwama mabegani, wanawake wawili wa kwenye foleni wakamsaidia kulishusha. Tukapima tena: kilo 10 kasoro kidogo. Dera la kawaida lina gramu 400 hivi. Mtu anayetaka kuondoa kilo 4 kwa njia hiyo inabidi avae madera kumi, na akiyavaa kumi, atakayezidi kipimo cha kiti ni yeye mwenyewe.

Kwa marubani, hata hivyo, kuhamisha nguo kutoka begini kwenda mwilini hakubadilishi chochote. Ndege haipimi watu mmoja mmoja, inatumia uzito wa wastani. Kwa kanuni za Ulaya, kwenye ndege ya viti 30 na zaidi, mtu mzima anaandikwa kilo 84, na humo kilo za mzigo wake wa mkononi zimo. Ndiyo maana tunakazania zile kilo 7. Watu 76 wakizidisha kilo 4 kila mmoja, ni zaidi ya kilo 300 ambazo hazipo kwenye karatasi ya rubani lakini zipo ndani ya ndege.

Kwa faida ya msafiri wa kesho: ndege ikijaa, usisubiri kufika mbele ya foleni. Begi lako likiwa ndani ya uzito lakini hakuna pa kuliweka juu, kwa kawaida linashushwa kwenye tumbo la ndege bila malipo. Sogea mezani mapema, useme, "Hili langu lishusheni." Utapewa lebo kwa tabasamu, na utapanda mikono mitupu. Anayebishana hadi mlangoni naye begi lake litashuka, ila kwa jasho. Linaloleta malipo ni uzito uliozidi, na huo ndio ulikuwa msiba wa mama.

Nikachukua lebo. Kazi ya kwanza ni kubandua lebo zote za zamani. Mama alikuwa nazo nne kwenye mpini, anazitunza kama medali. Kila moja ina mistari yake ya kusomwa na mashine, na mashine haijui ipi ni ya leo. Kijistika kidogo cha Dubai kilichosahauliwa ubavuni kinatosha kulirudisha begi Dubai wakati wewe umeshafika Kirumba, kule Mwanza.

Kazi ya pili ni kutoa vitu. Pesa, pasipoti, dawa, funguo za nyumbani, kompyuta mpakato, hivyo havishuki tumboni. Kuna vitatu ambavyo hata ukikubali vipotee, sisi hatukubali vishuke: pawabanki, betri za akiba, na sigara za umeme. Betri ya lithiamu ikishika moto kwenye kabati la juu, mhudumu ataiona na kuimwagia maji. Ikishika moto chini, katikati ya mabegi, hakuna wa kuiona.

"Mama, humo ndani kuna pawabanki?"

"Hamna."

"Betri yoyote?"

"Hamna betri!"

Na begi likasema, kwa sauti nyembamba ya mtu aliyebanwa pua: "Hamna betri!"

Foleni ikanyamaza. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma ya mama alirudi hatua mbili, akamkanyaga mwenzake.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Nani huyo?" begi likauliza.

Halafu, kutoka upande wa chini wa begi hilohilo, sauti ya pili ikaitikia: "Nani huyo?" Ya kwanza ikarudia. Ya pili ikarudia. Begi likaanza kutikisika juu ya mzani, namba zinapanda na kushuka, huku linajiuliza ni nani.

Mama ana duka la midoli Mwanza. Alikuwa amebeba vile vidoli vya kaktasi vilivyovaa kofia ya sufi, vinavyocheza, kuimba, na kurudia kila neno vinalolisikia. Vilikuwa vinne. Viwili mwenye duka wa Dubai aliviwasha kumwonyesha kuwa vinafanya kazi, akavirudisha kwenye boksi vikiwa hivyohivyo. Kila kimoja kina kinasasauti kidogo na spika. Kikisikia sauti kinairekodi sekunde chache, kinaitoa. Ukiweka viwili karibu, kimoja kinakuwa mwangwi wa mwenzake, na hawaachani mpaka chaji iishe.

Hapo kanuni ni hii. Kifaa chenye betri yake ndani kinaweza kushuka tumboni, ila kiwe kimezimwa kabisa, si kulala, na kiwe kimekingwa kisiwake chenyewe kikibanwa. Mdoli unaozungumza haujazimwa, huo hauhitaji mtaalamu. Nikamwomba mama afungue. Swichi za vidoli hivi ziko chini ya chungu, zimefunikwa na kitambaa, na ni ndogo kuliko punje ya mchele. Tukavizima, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikimalizia sentensi yake.

Chini ya vidoli kulikuwa na pawabanki.

"Mama."

"Hiyo si betri, mwanangu. Hiyo ni chaja."

Ndivyo abiria wengi wanavyoiita, ndiyo maana siku hizi nauliza kwa majina yote. Yake iliandikwa mAh 20,000. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha kwa volti 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata wati-saa 74. Hadi 100 unapanda nayo bila kuomba ruhusa. Ya 30,000 inafika 111, hiyo shirika lazima likubali kwanza. Isiyoandikwa chochote, au maandishi yamefutika, walinzi wengi wanaibakiza hata kama ni ndogo, maana hakuna wa kubahatisha. Nikamrudishia, aiweke kwenye mkoba wa begani.

Wakati naandika lebo, yule mzee aliyekanyaga mwenzake alisogea.

"Mama, hicho kidoli shilingi ngapi?"

"Dukani Mwanza ni elfu thelathini. Hapa, kwa kuwa ni mwenzangu wa safari, elfu thelathini."

Mzee akalipa kwa simu. Bibi harusi mmoja akachukua cha pili, kijana wa jeshi akachukua cha tatu kwa ajili ya mtoto wake. Kutazama kando nirudi, boksi limebaki moja, na mama ameuza hata lile boksi kubwa la viatu vya watoto lililokuwa chini. Akalirusha begi mzanini mwenyewe, amekunja mikono juu ya madera yake matatu.

Kilo 6.8.

Wafanyakazi wenzangu walipiga makofi. Mimi nilibaki na fremu. Uzito na ukubwa ni kesi mbili, na kushinda moja si kushinda zote. Begi sasa ni jepesi, lakini magurudumu yake yako palepale na kabati la pangaboi halijarefuka. Faida yake ni kwamba linashuka bila malipo. Nikamkatia kipande chake cha lebo, kile chenye tarakimu kumi, nikakibandika nyuma ya bodingi pasi. Kitunze hicho. Begi lisipotokea, ndicho kitakachomsaidia mtu wa dawati la mizigo kulitafuta. Na uliza kabisa litakukuta wapi, kwenye ngazi ya ndege au kwenye mkanda wa mizigo, kwa sababu kuna waliosimama chini ya bawa nusu saa wakisubiri begi ambalo lilikuwa linazunguka peke yake ndani.

Begi moja kushuka dakika za mwisho linaonekana jambo dogo. Kwa vijana wa mizigo si dogo. Pangaboi hii ina stoo mbili, ya mbele na ya nyuma, na mizigo imegawanywa ili ndege isiinamie mkia wala pua. Mlango wa nyuma ulikuwa umeshafungwa. Ikabidi ufunguliwe, begi liingie, uzito wake uandikwe kwenye karatasi ya mizigo kama badiliko la mwisho, na mimi niipeleke kwa rubani mkononi. Nikapanda ngazi mbiombio.

Mlangoni mhudumu alikuwa anahesabu vichwa. Idadi ya walioketi lazima ilingane na iliyotoka getini, vinginevyo hakuna kufunga mlango. Wengine wanabonyeza kikaunta kidogo mkononi. Huyu alikuwa mgeni kidogo kazini, anahesabu kwa mdomo.

"Kumi na saba, kumi na nane..."

Kutoka safu ya tano, kwenye mapaja ya mzee: "Kumi na nane!"

Mhudumu akatazama nyuma. "Kumi na tisa..."

"Kumi na nane!" kikasema cha bibi harusi, safu ya saba, ambacho kilikuwa kimemsikia mwenzake.

"Kumi na tisa!" cha mwanajeshi.

Mhudumu akaanza upya. Alipofika thelathini na mbili, ndege nzima ilikuwa inahesabu, na abiria wa nyuma wakaongeza namba zao kwa kujitolea. Mama, dirishani, alimweleza kwa upole kuwa swichi iko chini ya chungu, kisha akamuuliza kama ana mtoto nyumbani, maana kimebaki kimoja. Kapteni alitoa kichwa, akanitazama mimi, akazitazama kofia tatu za sufi zikikatika viuno, akatia saini karatasi bila kusema neno, pengine kwa kuogopa lingerudiwa.

Ndege ilitoka na kuchelewa, na kila kuchelewa kunaandikiwa namba kutoka orodha ya kimataifa. Namba za 41 na kuendelea ni ubovu wa ndege, za 71 na kuendelea ni hali ya hewa, na 11 hadi 18 ni mambo ya abiria na mizigo. Msimamizi alitaka 18, kwamba tatizo lilianzia kwenye begi. Nikamwambia begi lilikuwa limeshashughulikiwa, kilichochelewesha ni watu kutolingana kwenye karatasi, na hiyo ni 15. Tukakubaliana 15. Kwenye nafasi ya maelezo, isiyozidi mstari mmoja, nikaandika: "Hesabu ya abiria ilirudiwa."