Sinki Lisilo na Mahali pa Kuanikia Vyombo

Katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam siku hizi, sinki la jikoni linalowekwa mbele, pale mteja anapoingia, ni lile la bakuli moja kubwa la mraba, mara nyingi jeusi au la kijivu, lisilo na kitu chochote ubavuni. Lile tulilolizoea, lenye bakuli na ubapa wa mifereji midogo wa kuanikia vyombo vilivyooshwa, limesogezwa nyuma karibu na mabomba na mifuko ya gundi ya vigae, na muuzaji hulitaja kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mteja wake. Mimi nasema anayejenga au kukarabati jiko la familia aende huko nyuma. Ubapa ule una kazi ambayo ni lazima ifanywe na kitu fulani jikoni, na ukiuondoa, kazi hiyo haiondoki nao.

Tuanze na asili ya mtindo wenyewe. Sinki lisilo na ubapa limeenea katika majiko ya Ulaya na Marekani ambamo, chini ya kaunta, hatua moja kutoka kwenye bomba, kuna mashine ya kuoshea vyombo. Sahani na vikombe hutoka mezani vikaingia katika mashine, vikaoshwa na kukaukia humo humo kwa joto, na sinki likabakiwa na kazi ya kuoshea mboga, kumwagia maji ya tambi na kusugulia sufuria moja kubwa isiyoenea katika mashine. Kwa mpango huo ubapa ungekuwa kweli unakula nafasi bure. Lakini picha zinazotufikia katika simu huonyesha sinki na kaunta inayong'aa, na mashine haionekani kwa sababu imefichwa nyuma ya mlango wa kabati. Tunaagiza kinachoonekana, tunaacha kilichofichwa, kisha tunashangaa kwa nini kaunta yetu hailingani na ile ya pichani hata kwa saa moja baada ya chakula cha mchana.

Hebu tuitazame kaunta hiyo siku ya Jumapili, katika nyumba ya watu sita au saba. Kuna sufuria ya ugali iliyolowekwa, sufuria ya maharage, sinia, sahani, vikombe, hotpoti na vifuniko vyake, upawa, mwiko na chujio la chai. Sahani zikisimamishwa huchuruzika haraka. Hotpoti ndiyo korofi, kwa kuwa ukingo wake wa plastiki hunasa maji na kuyaachia kidogo kidogo kwa muda mrefu, hasa ikifudikizwa. Panapokuwa na ubapa, maji hayo hufuata mifereji na kurudi katika bakuli bila mtu kuyashughulikia. Pasipokuwa nao, hutandaa chini ya vyombo, hutafuta mistari iliyo kati ya vigae, huteleza hadi ukingo wa mbele na kudondokea milango ya kabati, au hujipenyeza pembezoni mwa sinki kupitia silikoni iliyochoka. Makabati mengi tunayotengenezewa sasa ni ya MDF, yaani mbao za nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi, ambayo ikishanyonya maji huumuka na haisinyai tena. Fungua kabati la chini ya sinki katika nyumba yoyote iliyokaliwa miaka michache, upapase kingo za mbao zake, utaelewa ninachosema. Mende nao wana lao. Mende mdogo wa jikoni huvumilia njaa kwa muda mrefu kuliko anavyovumilia kiu, kwa hiyo kaunta inayolala ikiwa mbichi humtosha, hata kama hakuna punje ya chakula iliyobaki.

Wapo watakaojibu kwamba raki ya plastiki yenye trei inatosha. Raki ni kitu kizuri, na hata mwenye ubapa anaihitaji ili sahani zisimame, lakini ikiwekwa juu ya kaunta tambarare huhamishia tu tatizo ndani ya trei. Maji husimama humo, utelezi hujengeka kwenye kona, na asipopatikana mtu wa kuimwaga kila siku, kitako cha raki huanza kunuka. Isitoshe, raki hiyo hukalia nafasi ile ile ambayo tuliambiwa tumeiokoa kwa kuacha ubapa. Wengine husema watafuta vyombo kwa kitambaa. Kitambaa gani? Kile kile kilichofuta kaunta, kikashikia sufuria ya moto, kikafutia mikono, kisha kikaning'inizwa kwenye mpini wa friji kikiwa bado kibichi. Mwongozo wa usalama wa chakula unaotolewa na serikali ya Marekani kwa ajili ya migahawa huelekeza vyombo vilivyooshwa na kutakaswa viachwe vikauke kwa hewa, wala hauruhusu kuvikausha kwa kitambaa. Nyumbani si mgahawani, lakini vijidudu havijui tofauti hiyo.

Waliowahi kulifikiria jiko dogo kwa makini hawakulipuuza jambo hili. Mwaka 1926 msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alisanifu jiko la nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt, lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi, ambamo kila sentimita ilihesabiwa, na bado alitenga kando ya sinki mahali pa kuchuruzishia sahani. Nchini Finland, katika miaka ya 1940, Maiju Gebhard alistawisha kabati la kuanikia vyombo linalofungwa juu ya sinki, lenye rafu za waya na lisilo na ubao wa chini, ili sahani iliyosuuzwa iingizwe ikiwa bado inachuruzika, maji yadondoke chini, na sahani ibaki humo humo hadi itakapohitajika tena. Kwetu vijijini kazi hiyo imefanywa na kichanja, ambacho maafisa afya wamekuwa wakikihimiza pamoja na choo na shimo la taka. Kichanja kina upepo na jua, na maji yake humwagikia ardhini. Mtu anayehamia ghorofa ya tatu hawezi kukibeba, na jikoni mwake hakuna jua. Kwa hiyo anahitaji kitu cha kushika nafasi yake, na sioni kilicho rahisi kuliko bati lenye mifereji.

Kuhusu ukubwa, masinki ya kawaida madukani yenye bakuli moja na ubapa mmoja huwa na urefu wa milimita 1000 na upana wa 500, yale ya mabakuli mawili na ubapa mmoja hufikia 1200, na yenye ubapa pande zote mbili hufikia 1500. Mwenye nafasi finyu akilazimika kuchagua kati ya bakuli la pili na ubapa, nashauri bila kusita achukue ubapa. Mabakuli mawili yaliyobanwa katika urefu mdogo huwa madogo yote, na sufuria ya ugali au sinia ya pilau haiingii katika lolote. Zaidi ya hayo, maji yanapokatika na tukarudi kwenye ndoo na beseni, beseni la kuoshea hukaa ndani ya bakuli na la kusuuzia hukaa juu ya ubapa, kazi ikaendelea. Ubapa huo huo hupokea samaki aliyetoka sokoni akiwa bado anadondosha maji, na mchicha uliooshwa kabla ya kukatwa. Anayetumia mkono wa kulia hushika sponji kwa mkono huo na sahani kwa wa kushoto, hivyo ubapa ukiwa kushoto kwa bakuli huokoa kupishana kwa mikono. Ukuta au dirisha likilazimisha vinginevyo, mtu huzoea.

Kwa nyumba za pwani, aina ya bati ina uzito kuliko umbo. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 kina kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8, na hustahimili hewa ya chumvi vizuri kuliko daraja la 201, ambalo nikeli yake imepunguzwa na manganizi kuongezwa ili bei ishuke. Ubapa ndio huonyesha tofauti hiyo mapema, kwa sababu ndio unaokaa na matone ya maji mchana kutwa. Stilwaya nayo huacha chembe za chuma katika mifereji, zikashika kutu, na mwenye nyumba akalilaumu sinki.

Sisemi kila jiko liwe na ubapa. Aliyenunua mashine na anaitumia kweli hauhitaji, wala kijana anayepika mara chache na kuosha sahani moja na kikombe kimoja. Nyumba yenye uani, ambako vyombo huoshewa nje na kuanikwa juani, inaweza kuwa na sinki la namna yoyote ndani. Anayeweka granaiti anaweza kumwagiza fundi achonge mifereji katika jiwe lenyewe ikielekea kwenye bakuli. Ni kazi nzuri, ila iagizwe kabla jiwe halijapandishwa juu ya kabati. Wenye nyumba za kupangisha ndio ambao sielewi hesabu yao: wanaokoa fedha kidogo kwenye sinki, kisha wanabadilisha makabati yaliyoumuka kila mpangaji anapohama.

Kwa atakayeuchagua, jambo moja husahaulika wakati wa kufunga. Ubapa umetengenezwa ukiwa na mteremko mdogo kuelekea kwenye bakuli, na mteremko huo hupotea kabisa kaunta ikiwa imeinamia upande mwingine hata kidogo, hapo maji yakatuama kwenye kona ya mbali. Pimamaji iwekwe juu ya kaunta kabla sinki halijateremshwa mahali pake. Sinki likishakaa, kikombe cha maji kimwagwe kwenye ile kona ya mbali, watu wasubiri waone yanaelekea wapi, silikoni ikiwa bado haijakauka na fundi akiwa bado hajalipwa.