Bustani ya Msimbazi isiwe na geti

Siku ya mvua kubwa, ukiwa kwenye basi la mwendokasi jijini Dar es Salaam, kutoka Magomeni Mapipa kwenda Fire, mkifika Jangwani basi zima linageukia dirishani. Maji ya rangi ya udongo yametanda, chupa za plastiki zinaelea, kila mtu anajiuliza kama barabara itafungwa.

Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini, kwenye daraja la Salenda, na mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulishasema bonde lake ni la hatari. Watu wakajenga. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40, na wengi walionusurika wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Sasa, kwa mradi uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, bonde la chini linatakiwa liwe bustani ya jiji, mto upate nafasi na maji yapate pa kutulia. Naunga mkono kwa moyo wote.

Hata hivyo, wakazi waliohamishwa bondeni kupisha mradi, wanaolalamika, wana hoja nzito. Waliambiwa ni wavamizi wa bonde huku serikali yenyewe ikijenga karakana ya mwendokasi palepale Jangwani, nayo ikafurika. Tena fidia inalipa kuta na bati, hailipi ukaribu wa Kariakoo. Mama aliyekuwa akitembea kwa miguu kufuata bidhaa sokoni, leo nauli inamla mtaji.

Kuna na suala la nani atatunza. Bustani isiyo na bajeti ya kufyeka, taa na walinzi hugeuka jalala na maficho ya vibaka, ndiyo maana wapo wanaotaka kiingilio. Nawaelewa, lakini hapo siko nao. Halmashauri ikusanye kodi ya vibanda vya chakula na ushuru wa maegesho, geti hapana. Jiji hili linaijua bustani inayotenga: wakoloni waliacha uwazi wa Mnazi Mmoja ili Uhindini, mtaa wa Wahindi, na Kariakoo, mtaa wa Waafrika, visigusane.

Ardhi ya Msimbazi imeachwa na watu wa kipato cha chini kwa jina la manufaa ya wote. Vijana wa Kigogo na Magomeni wamecheza mpira Jangwani miaka yote bila kulipa hata shilingi, na Yanga wakaitwa Wanajangwani kwa sababu ya eneo hilohilo. Bustani ikifunguliwa, vijana hao wapite na mpira wao, bila kuulizwa tiketi.